Barua ya wazi kwa wanaosimamia afya: fangasi wa ubongo wanaua huku tiba yao ikijulikana

Waheshimiwa Mawaziri wa Afya, Makatibu Wakuu, wakuu wa mipango ya kudhibiti UKIMWI, wakurugenzi wa bohari za dawa na wa mamlaka za udhibiti wa dawa na vifaa tiba,

Ninawaandikia nikiwa daktari wa wodi ya magonjwa ya ndani, kuhusu ugonjwa ambao hufika mezani kwenu ukiwa umefichwa ndani ya safu moja ya takwimu za vifo vya UKIMWI, ilhali kwetu sisi hufika ukiwa na uso wa mtu aliyeshika kichwa kwa mikono miwili na kuomba taa izimwe. Ninazungumzia maambukizi ya fangasi katika ubongo na katika utando unaoufunika, ambayo kubwa lake ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Nimeiweka barua hii hadharani kwa sababu kila mmoja wenu ameshika sehemu moja tu ya ufumbuzi, na mgonjwa hupona pale sehemu hizo zote zinapomfikia kitandani kwa wakati mmoja. Barua zinazopita idara moja hadi nyingine hujibiwa na idara moja moja, na kila idara huwa na haki ya kusema kwamba upande wake umekamilika.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2020 watu wapatao 152,000 wanaoishi na VVU duniani waliugua homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, na kwamba takriban 112,000 miongoni mwao walifariki. Vifo hivyo ni karibu asilimia 19 ya vifo vyote vinavyohusishwa na UKIMWI, na sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi wanaostahili kupewa kipaumbele. Kati ya 19 waliotajwa, wanne waliwekwa katika kundi la hatari kubwa kabisa, na kriptokokasi ni mmoja wao. Ugonjwa wenye uzito huu ulistahili kuwa na bajeti yake, msimamizi wake na taarifa yake ya kila mwezi. Katika sehemu nyingi hauna hata kimojawapo.

Kriptokokasi huishi kwenye udongo, kwenye miti inayooza na kwenye vinyesi vya ndege, hususan njiwa, na binadamu humvuta kwa pumzi bila kujua. Haambukizwi na mgonjwa mwenzake. Mwenye kinga timamu humdhibiti mapafuni, na huenda akaishi naye miaka mingi bila dalili yoyote. Kinga inaposhuka sana, hasa seli za kinga ziitwazo CD4 zinapopungua chini ya 100 katika kila mikrolita ya damu, fangasi huyo huamka, huingia katika damu na kuvuka hadi kwenye ubongo, akiwa amejivika ganda nene la sukari ambalo chembe za kinga hushindwa kulikabili. Sukari ya ganda hilohilo humwagika katika maji yanayouzunguka ubongo na kuziba vijia ambavyo kwavyo maji hayo hurudi katika damu. Mwili unaendelea kutengeneza maji, maji hayapati pa kutokea, na shinikizo ndani ya fuvu linapanda. Ndiyo maana mgonjwa huumwa kichwa kwa wiki mbili tatu, kisha huanza kutapika, kuona vitu viwiliviwili, kupoteza uwezo wa kuona au wa kusikia, kuchanganyikiwa, na mwishowe kupoteza fahamu. Shingo haikakamai kila mara, na homa huenda isiwepo kabisa. Kwa hiyo mtu huyu hupita kituo kimoja baada ya kingine akitibiwa malaria au kipandauso, na siku ambazo tungeweza kumwokoa zinaishia njiani.

Lakini kabla ya kichwa kuanza kuuma kuna kipindi cha thamani kubwa. Chembechembe za ganda la fangasi, yaani antijeni yake, huonekana katika damu wiki kadhaa kabla ya dalili za ubongo, na kipimo cha kuitambua ni ukanda mdogo unaotumbukizwa katika tone la majimaji ya damu na kutoa jibu kwa takriban dakika 10. Ukanda wenyewe hauhitaji umeme wala mashine ya kuusoma, na usahihi wake unakaribia ukamilifu. Mtu anayekutwa na antijeni bila dalili hupimwa maji ya uti wa mgongo ikiwezekana, na asipokuwa na fangasi humo hupewa dawa ya fangasi iitwayo flukonazoli, ya kumeza, kwa dozi kubwa, akaepushwa na ugonjwa ambao ungemlaza na pengine kumwua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka kipimo hiki kifanywe kwa kila mtu mzima au kijana anayeishi na VVU mwenye CD4 chini ya 100, na unaruhusu kiwango hicho kipandishwe hadi 200.

Tatizo liko kwenye mlango wa kuingilia. Hatuwezi kujua ni nani wa kupimwa antijeni bila kujua CD4 zake, na kipimo cha CD4 kimekuwa kikififia tangu mwaka 2015, pale iliposhauriwa kwamba kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri kinga yake ishuke hadi kiwango fulani. Ushauri ule ulikuwa sahihi na umeokoa watu wengi mno. Sina neno juu yake. Kosa lililofuata ni la kiutawala: kwa kuwa CD4 haikuhitajika tena kuamua nani aanze dawa, wafadhili na mipango mingi waliiacha, mashine zikakaa bila vitendanishi, na fedha zikahamia kwenye kipimo cha wingi wa virusi. Wingi wa virusi unaeleza kama dawa zinafanya kazi. Haumwambii mhudumu kwamba mtu aliyeketi mbele yake anaweza kufa mwezi ujao kwa fangasi aliye tayari katika damu yake.

Tena si wagonjwa wapya pekee. Sehemu kubwa ya wanaolazwa leo kwa ugonjwa huu waliwahi kuanza dawa za kufubaza VVU, wakakatisha kwa sababu ya safari, ajira, aibu au uchovu, au virusi vyao vikazoea dawa. Wanaporudi kliniki huhesabiwa kama wateja wa zamani, na hakuna anayewaza kuwapima upya. Nawaomba wakuu wa mipango ya UKIMWI mrudishe kipimo cha CD4 kwa kila anayeanza, kila anayerejea baada ya kuacha, na kila ambaye virusi vyake havishuki. Pale ambapo mashine haipo, upo ukanda unaoonyesha kama CD4 ziko juu au chini ya 200, na unatosha kwa uamuzi huu. Kisha ombeni maabara zenu jambo moja jepesi lenye faida kubwa: sampuli yoyote itakayoonyesha CD4 za chini ipimwe antijeni papo hapo, kwa damu ileile, bila kusubiri daktari aandike fomu nyingine na bila mgonjwa kuitwa mara ya pili. Anayeitwa mara ya pili mara nyingi haji, na wengine hawaji kwa sababu wameshafariki.

Faida ya kuwatafuta watu hawa imekwisha kupimwa. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka na kuchapishwa mwaka 2015 ulifuatilia watu wapatao 2,000 waliokuja kliniki wakiwa na kinga iliyoshuka sana. Nusu yao walipata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Nusu nyingine waliongezewa kipimo cha antijeni, pamoja na kutembelewa nyumbani na wahudumu wasio na taaluma ya udaktari waliopewa mafunzo mafupi, kwa wiki chache za mwanzo. Katika kundi hilo la pili vifo vilipungua kwa asilimia 28 ndani ya mwaka mmoja. Ninaposoma matokeo hayo hunigusa zaidi ile sehemu ya wahudumu wa kutembelea nyumbani, kwa sababu ni watu ambao mipango yetu hukata mishahara yao kwanza fedha zinapopungua.

Lipo jambo jingine linalohusu siku ya kwanza kliniki, nami nalitaja kwa tahadhari ili lisieleweke vibaya. Mipango mingi hupimwa kwa idadi ya watu walioanza dawa za kufubaza VVU siku ileile waliyogundulika. Kwa walio wengi hilo ni jema. Lakini mtu mwenye fangasi kwenye ubongo akianzishiwa dawa hizo mapema mno, kinga inayorejea kwa ghafla hushambulia mabaki ya fangasi ndani ya fuvu, uvimbe ukaongezeka na mgonjwa akafa kwa kile kilichokusudiwa kumponya. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014, ulilazimika kusitishwa kabla ya wakati: kati ya walioanza dawa ndani ya wiki moja hadi mbili asilimia 45 walikuwa wamefariki kufikia wiki ya 26, wakati kwa waliosubiri hadi takriban wiki ya 5 walikuwa asilimia 30. Mwongozo wa kimataifa unasema wazi kwamba wenye dalili za homa ya uti wa mgongo wasianzishwe siku hiyohiyo, na kwamba waliothibitika wasubiri wiki 4 hadi 6 za tiba ya fangasi. Hata hivyo mhudumu anayedaiwa takwimu kila Ijumaa hana anayemlipa kwa kuuliza kama kichwa kinauma. Wekeni swali hilo kwenye kadi ya mgonjwa, na msimhesabie mhudumu upungufu kwa kumcheleweshea dawa mtu ambaye kumcheleweshea ndiko kumwokoa.

Sasa nije kwenye dawa, kwa maana hapa ndipo uchungu wangu mkubwa ulipo.

Kwa miaka mingi hospitali nyingi za nchi maskini zimetibu ugonjwa huu kwa flukonazoli peke yake. Ni dawa salama, inamezwa, inapatikana, na kwa awamu ya kwanza ya ugonjwa huu haitoshi. Humzuia fangasi asizaliane, lakini haimwui kwa kasi inayohitajika. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya wanaotibiwa nayo pekee hufa ndani ya wiki 10. Tunaendelea kuitoa kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini, na familia huondoka ikiamini kwamba kila kilichowezekana kilifanyika. Sipendi kuendelea kuwaacha waamini hivyo.

Dawa iliyobadilisha mambo inaitwa flusitosini. Iliundwa mwaka 1957 ikikusudiwa kuwa dawa ya saratani, ikashindwa kwa saratani, ikaonekana miaka michache baadaye kwamba huua fangasi. Hataza yake ilikwisha zamani sana. Tangu mwaka 2013 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa ACTA, uliohusisha wagonjwa 721 wa Malawi, Zambia, Tanzania na Kamerun, yakaonyesha kwamba amfoterisini, dawa ya fangasi inayoingizwa kwenye mshipa, ikitolewa kwa wiki moja pamoja na flusitosini hushusha vifo vya wiki 10 hadi asilimia 24, na kwamba hata mahali pasipowezekana kuchoma sindano ya mshipa, vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili vilifikisha asilimia 35. Linganisheni na zaidi ya nusu.

Mwaka 2022 ukafuata utafiti wa AMBITION, uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe kwa wagonjwa zaidi ya 800. Hapo mgonjwa alipewa dozi moja tu kubwa ya amfoterisini iliyofungwa katika vitone vya mafuta, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Vifo vya wiki 10 vilikuwa takriban asilimia 25, havikuzidi vya tiba ya zamani ya wiki nzima, na madhara makali yalipungua. Katikati ya mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliifanya kuwa tiba inayopendekezwa kwanza. Kwa asiyewahi kufanya kazi wodini, dozi moja badala ya saba inaweza kuonekana kama nafuu ndogo. Amfoterisini ya kawaida huunguza mishipa, huleta mtetemo na homa, hushusha potasiamu hadi moyo ukapoteza mwendo wake, huua figo polepole na kukausha damu. Kila siku ya dawa humaanisha chupa ya maji ya chumvi kabla, saa nyingi za dripu, na vipimo vya damu ambavyo maabara ya wilaya mara nyingi haiwezi kuvirudia. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi usiku hawezi kuisimamia inavyostahili. Dozi moja inampa nafasi ya kuangalia mengine.

Pamoja na ushahidi wote huo, flusitosini haipo katika hospitali nyingi zinazoihitaji. Watengenezaji hawaombi usajili katika nchi ambayo haijawahi kuagiza; bohari haiagizi dawa isiyosajiliwa; daktari haandiki dawa isiyokuwepo; na kwa kuwa hakuna anayeiandika, makadirio ya mahitaji ya mwaka ujao yanatoka sifuri. Mduara huo hauwezi kukatwa na daktari wa wodi. Unaweza kukatwa na mamlaka ya udhibiti wa dawa kwa kutoa kibali maalumu cha kuingiza dawa ambayo tayari imekubaliwa na mamlaka nyingine inayoaminika au na Shirika la Afya Duniani, na kwa kuharakisha usajili wake. Unaweza kukatwa na bohari kwa kukadiria mahitaji kutokana na idadi ya watu wenye CD4 za chini, kwa vile matumizi ya mwaka uliopita hayawezi kueleza mahitaji ya dawa ambayo haikuwepo. Nchi zenye wagonjwa wachache zinaweza kuagiza pamoja, ili mtengenezaji aone zabuni yenye maana na dawa isiharibikie ghalani.

Najua hofu ya kuharibika kwa dawa ni ya kweli, na mkaguzi huandika hoja zaidi kwa dawa iliyoisha muda kuliko kwa mgonjwa aliyekufa kwa kukosa dawa. Ningeomba hilo libadilike katika maelekezo ya ukaguzi wenyewe. Dawa ya kuokoa maisha inayotunzwa kwa ajili ya dharura itarajiwe kupotea kidogo, na kiasi hicho kiandikwe mapema katika bajeti.

Flusitosini ina usumbufu wake pia: hutolewa kila baada ya saa 6, mchana na usiku, na mgonjwa asiyejitambua huhitaji kusagiwa na kupitishiwa kwenye mrija wa puani. Huweza kushusha chembe za damu, kwa hiyo damu ipimwe. Dozi ya saa nane usiku ndiyo inayorukwa zaidi. Mkiinunua dawa bila kuongeza muuguzi wa zamu ya usiku, mtakuwa mmenunua nusu ya tiba.

Ninakuja kwenye sindano ya mgongo, ambayo hamna budi kuizungumzia hadharani kwa sauti zenu wenyewe kwa sababu sauti zetu hazitoshi. Kutoa maji ya uti wa mgongo ndiyo njia ya kuthibitisha ugonjwa, na katika ugonjwa huu ni tiba vilevile, kwa kuwa hakuna dawa ya kushusha shinikizo lile la maji yaliyozuiliwa. Shinikizo likizidi sentimita 25 za maji, hutolewa maji hadi mililita 30, na kazi hiyo hurudiwa kila siku mpaka lishuke na kutulia. Dawa za steroidi, yaani za kupunguza uvimbe, ambazo baadhi yetu tulizikimbilia kwa matumaini, zilijaribiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na zikaonekana kudhuru. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa wagonjwa wa Uganda na Afrika Kusini wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliotolewa maji tena katika siku za mwanzo walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyokuwa pungufu kwa takriban asilimia 69, hata wale ambao shinikizo lao la kwanza halikuwa kubwa. Uchambuzi wa namna hiyo hauna uzito wa jaribio ambalo wagonjwa hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, lakini unalingana na kile tunachokiona: mgonjwa aliyeingia akipiga kelele kwa maumivu hutulia akiwa bado amelala ubavu, kabla ya sindano kuchomolewa.

Ila ndugu wa wagonjwa wanaikataa. Wamesikia kwamba inapoozesha, kwamba anayechomwa hafiki asubuhi. Imani hiyo haikutoka hewani. Kwa muda mrefu tumekuwa tukichoma sindano hiyo siku ya mwisho, kwa mtu ambaye tayari anakufa, na waliokuwa wamesimama nje ya pazia wakaunganisha mambo mawili waliyoyaona yakifuatana. Ukweli wa maumbile ni kwamba uti wa mgongo wa mtu mzima huishia juu ya kiuno, na sindano huingia chini ya hapo, mahali penye maji na nyuzi za neva zinazoelea, pasipo na uti wa kutoboa. Maelezo hayo yanahitaji kutolewa redioni, katika vikundi vya watu wanaoishi na VVU na katika kliniki, kabla mtu hajaugua. Hakuna familia inayoweza kuyapima kwa utulivu saa sita usiku huku mgonjwa wao akihangaika kitandani. Watu waliopona ndio wangeyaeleza vizuri kuliko sisi, na mipango yenu inaweza kuwaajiri.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Sindano za mgongo zisikosekane, na mrija wa kupimia shinikizo uwepo katika kila hospitali inayolaza. Usipokuwepo, mrija safi wa dripu na rula vinaweza kutumika, na maelekezo yake yabandikwe ukutani. Wauguzi na maafisa tabibu waliofundishwa waruhusiwe kisheria kuifanya kazi hii, kwa sababu katika hospitali nyingi za wilaya daktari mmoja yuko chumba cha upasuaji tangu alfajiri.

Nimeizungumzia kriptokokasi kwa kirefu kwa kuwa ndiyo inayoua wengi, lakini si peke yake. Kandida huingia kwenye ubongo wa watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati. Aspajilasi hutengeneza majipu ya ubongo kwa waliopandikizwa viungo na wenye saratani ya damu. Kuna fangasi wa jamii ya mukori, ambao huanzia kwenye matundu ya pua ya mtu mwenye kisukari kisichodhibitiwa, wakapanda kwenye jicho na kisha ubongo ndani ya siku chache; India ilirekodi zaidi ya wagonjwa 40,000 wa fangasi hao mwaka 2021, wakati UVIKO na matumizi makubwa ya steroidi vilipokutana na kisukari.

Kwa mamlaka za udhibiti naongeza jambo moja, kwa sababu fangasi huweza kufika kwenye uti wa mgongo kwa mikono yetu wenyewe. Mwaka 2012 nchini Marekani dawa ya steroidi ya kuchoma mgongoni, iliyotengenezwa na duka moja la kuchanganya dawa na kuchafuliwa na fangasi, iliugulisha watu 753 katika majimbo 20, na 64 kati yao wakafariki. Mwaka 2023 wagonjwa waliopigwa ganzi ya mgongo kwa ajili ya upasuaji wa urembo katika mji wa Matamoros, Meksiko, walipata homa ya uti wa mgongo ya fangasi aina ya fusariamu. Hao walikuwa watu wenye kinga kamili. Chupa moja ya ganzi inayochomwa mara nyingi kwa wagonjwa tofauti, au dawa inayochanganywa mahali pasipokaguliwa, inatosha. Kila kinachoingizwa kwenye uti wa mgongo kifuatiliwe kwa namba ya toleo lake, tangu kiwandani hadi kwenye faili la mgonjwa, na mama anayerudi na maumivu makali ya kichwa wiki kadhaa baada ya kujifungua kwa upasuaji asiambiwe tu kwamba ni ganzi bila kupimwa.

Baada ya kutoka hospitalini mgonjwa wa kriptokokasi humeza flukonazoli kwa mwaka mmoja au zaidi, mpaka CD4 zake zipande na virusi vyake vifubae. Akiikosa kwa miezi michache fangasi huweza kurudi, na safari hii pengine akiwa sugu zaidi. Dawa hiyo itolewe kwenye dirisha lilelile la dawa za VVU, siku ileile, kwa idadi ileile ya miezi. Kumtuma mtu aliyepona nusu akapange foleni mbili katika majengo mawili ni kumchagulia ipi aache.

Mwisho ni hesabu. Hospitali nyingi haziandiki ni wangapi walipimwa antijeni, wangapi walikutwa nayo, wangapi walipata flusitosini kuanzia siku ya kwanza, wangapi walitolewa maji zaidi ya mara moja, na wangapi walikuwa hai wiki 10 baadaye. Namba hizo tano zinaingia kwenye nusu ukurasa. Naomba ziwe sehemu ya taarifa rasmi ya kila mwezi, zitangazwe kwa kila mkoa bila kufichwa, na pembeni ya kila namba liandikwe jina la cheo kinachowajibika: nani aliyepaswa kuagiza, nani aliyepaswa kusambaza, nani aliyepaswa kupima. Zikianza kutolewa, mimi na wenzangu wa wodini tutakuwa wa kwanza kuzijaza, ikiwemo siku ambazo zitaonyesha upungufu wetu sisi wenyewe. Naomba pia jibu la maandishi kutoka kwa kila ofisi niliyoitaja juu, likieleza lini flusitosini itakuwa imefika katika hospitali zinazolaza wagonjwa hawa na ni kwa kiasi gani, kwa sababu ratiba ya zamu ninayoipanga wodini inategemea jibu hilo.

Wenu katika utumishi,

Daktari wa wodi ya magonjwa ya ndani